Mkondo Ulioelekea Chumbani

Mama Ngazi alidharau watu, na hakuona haya kusema hivyo. Kuchukia, alisema, kunachosha, na nguvu zake alizihitaji kwa kupanda. Dharau haina uzito. Unapanda nayo hadi ukingoni mwa paa, unafanya nayo kazi siku nzima, na jioni unashuka nayo bila kuumwa mgongo.

Kazi yake ilikuwa kusafisha na kutengeneza mifereji ya mapaa, ile ambayo mafundi huiita gata: bati lililokunjwa linalopita ukingoni mwa paa, kazi yake kukinga maji ya mvua na kuyafikisha kwenye bomba yasije yakamwagika ukutani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyatazama makazi ya watu kutoka juu, na kutoka juu hakuna anayejipamba. Aliona nyumba yenye geti linalopakwa rangi kila mwaka, na gata lake limeota magugu hadi unaweza kufungia mbuzi. Aliona kwa mwalimu wa usafi wa shule nzima tope la miaka sita. Kuna bibi mmoja alimkataza kukanyaga baraza yake kwa kandambili, baraza ing'aayo kama sahani. Mama Ngazi akapita nje, akapanda, akakuta panya ameozea mdomoni mwa bomba linaloshuka moja kwa moja kwenye tangi la maji ya kunywa. Akashuka kumwambia.

"Aa," yule bibi akasema, bila hata kukunja uso, "lakini sisi tunachemsha."

Watu wa namna hiyo ungewaheshimu kwa lipi? Wote walijua kuimba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliwaimbia watoto, waliwaimbia wakwe, waliiimba misibani. Kisha walirudi nyumbani wakakaa chini ya ufa wakitazama televisheni.

Kazi yenyewe hakuichagua. Fundi wa mapaa alikuwa mumewe, mwanaume wa maneno mengi na misumari michache. Asubuhi moja mumewe alifunga begi, akatia mashati na redio, akahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili. Ngazi akaiacha, kwa kuwa haikuingia kwenye begi na yeye hakuwa mtu wa kubeba. Wiki tatu baadaye mteja akagonga mlango akimuulizia fundi. Mama Ngazi, ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kigoda cha jikoni, akajifuta mikono na kusema, "Fundi ni mimi."

Siku hiyo miguu ilimtetemeka mpaka ngazi ikawa inagonga bati kama mtu anayebisha hodi. Lakini alimaliza. Akaenda ya pili, ya tatu, akajifunza kufunga ngazi kwa kamba kabla ya kuipanda, akajifunza kusoma kutu na kunusa ubao uliooza. Watoto wa mtaa wakampachika jina, naye akalichukua, maana jina la mume lilikuwa halimfai tena. Mabinti zake wawili walisomeshwa na ngazi hiyo. Mwaka wa nne mumewe alirudi, akasimama mlangoni akikuna shingo. Hakuja kuomba msamaha. Alikuja kuomba ngazi.

"Mwambie mwenzio akununulie," Mama Ngazi akamjibu, na akafunga mlango taratibu, kwa sababu kuubamiza ni kumpa mtu heshima.

Sasa, wiki moja kabla mvua hazijaanza, simu yake ililia.

"Wewe ndiye fundi wa mifereji?" Sauti ya kiume, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndiye."

"Nipe mumeo niongee naye."

"Mume wangu yuko mtaa wa pili kwa mke mwingine. Ukimpata nisalimie."

Yule mtu hakucheka. "Njoo kesho saa mbili kamili," akasema. "Mimi ni mtu wa saa."

Saa mbili kasorobo Mama Ngazi alikuwa getini na ngazi yake begani. Mtu wa saa alifungua saa mbili na nusu, baada ya kumaliza chai. Alikuwa mzee mnene kiasi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mtaani walimwita Mkaguzi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikagua mizani za maduka na masoko, na ingawa alikuwa amestaafu, macho yake hayakustaafu. Alimpima mgeni wake kutoka kichwani hadi kandambili kama mtu anayetafuta gramu zilizopungua.

"Una cheti?"

"Cheti changu ni paa la jirani yako. Si ndilo uliloliona ukanipigia?"

Mkaguzi akakohoa, akampisha apite.

Sebuleni palikuwa na kabati la vioo, makochi yaliyofunikwa vitambaa, na picha kubwa ya Mkaguzi mwenyewe akiwa kijana, amesimama kando ya mizani kama mwindaji na simba wake. Juu ya kabati, dari lilikuwa na doa la kahawia lenye pete ndani ya pete. Chumba cha kulala ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Rangi ya ukuta wa kichwani pa kitanda ilikuwa imevimba malengelenge, na ukilibonyeza moja kwa kidole linapasuka na kutoa unga. Chini, kando ya kitanda, palikuwa na beseni la buluu na sufuria lisilo na mpini. Mama mmoja mwembamba, mke wa Mkaguzi, aliingia bila neno, akaviokota vyombo vile, akatoka navyo upesi kama mtu anayeficha nguo chafu.

"Huo ni unyevunyevu wa hewa tu," Mkaguzi akasema.

Mama Ngazi akaitazama hewa, ambayo kwa miezi mitatu ilikuwa kavu hadi midomo ya watu inapasuka, akatoka nje.

Akafunga ngazi, akapanda. Gata lilikuwa limejaa majani ya mti wa jirani, yameoza yakawa tope jeusi zito kama lami. Akaanzia upande wa bomba, akichota kwa mwiko na kujaza ndoo, akiishusha kwa kamba, akiimwaga, akiipandisha. Ndani ya tope alikuta mpira wa tenisi, ndala moja ya mtoto, kiota kilichohamwa na miche minne ya mpapai, mmoja umefika goti. Chini yake Mkaguzi alizunguka na mikono nyuma.

"Usikwaruze rangi!"

Rangi gani, Mama Ngazi akajiuliza. Ilikuwa imebabuka zamani.

"Hapo umeruka! Hapo, hapo, kushoto kwako!"

"Kushoto kwangu ni ukuta wa jirani, mzee."

Alipofika nusu ya nyumba aliteremka, akavuta mpira wa bustani, akapanda nao, akamwaga maji kidogo ili aone yanavyokwenda. Maji yakasita. Kisha, badala ya kuelekea kwenye bomba, yakageuka polepole yakaenda upande wa pili, kwenye ile nusu ambayo bado ilikuwa na tope. Yakagonga tope, yakasimama, yakapanda, na yakaanza kunywea nyuma ya ubao, taratibu, kama yanayoijua njia. Mama Ngazi akachomoa pima maji yake mkandani, akailaza juu ya gata. Kitone cha hewa kikakimbilia upande wa bomba, ndio uliokuwa juu, na kukaa huko. Akaubonyeza ubao ulioshika gata kwa ncha ya mwiko. Mwiko ukazama kama kwenye mkate.

Akashuka.

"Mzee, gata lako limelala kinyume. Bomba liko huku, lakini maji yanakwenda kule, juu ya chumba chenu. Halafu ubao unaolishika umeoza. Hata nikisafisha kila asubuhi, maji yataingia ndani."

"Nani amekuuliza habari za ubao? Nimekuita uondoe uchafu."

"Nusu ya uchafu nimeuondoa."

"Basi ondoa na nusu yake, uende zako."

"Nikienda hivi, mvua ikinyesha utasema Mama Ngazi ameharibu nyumba. Jina langu silitupi kwenye dari la mtu."

Mkaguzi akavuta pumzi, akainua kidevu. "Gata hilo," akasema, "lilifungwa na mdogo wangu. Ni injinia." Neno la mwisho alilitoa taratibu, kama mtu anayeweka nishani mezani.

Mama Ngazi alikuwa ameonana na mainjinia wengi wa nyumbani. Kila ukoo unaye mmoja. Ndiye huyo anayeitwa jiko likigoma, gari likizima, dari likivuja, na akishagusa, huitwa fundi wa kweli kwa siri asije akaudhika. Alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akasubiri, kwa maana Mkaguzi alikuwa ameshapiga simu.

Injinia alifika kwa gari dogo jeupe, na nyuma, kwenye kioo, kulikuwa na kofia ngumu ya njano. Kofia hiyo ndiyo uinjinia wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuuza vipuri vya jenereta, lakini aliye na kofia ya namna ile nani atamwuliza shule? Alivaa viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli laini, amepaka manukato yaliyomtangulia hatua tano.

"Kaka, ndiye huyu?"

"Ndiye. Anasema gata lako limelala kinyume."

Injinia akacheka kwa huruma, akamgeukia Mama Ngazi. "Mama yangu, nikueleze kitu. Maji hufuata mkondo. Hata mtoto mdogo anajua."

"Kweli kabisa, baba. Na mkondo wako umeelekea chumbani kwa kaka yako."

Mlango wa jikoni ukatoa sauti, kama kikohozi. Mke wa Mkaguzi alikuwa amesimama hapo na kitambaa cha sahani.

Injinia akatoa simu. "Hii inapima hadi nyuzi," akasema, akailaza juu ya kizingiti cha dirisha, akaisubiri, akawaonyesha wote. "Mnaona? Sawa kabisa."

"Hapo umepima dirisha," Mama Ngazi akasema.

"Nyumba ni moja!"

"Basi panda ukaipime moja hiyo kule juu."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema ana haraka, ana mteja, ana mgongo. Mama Ngazi alikuwa amempa mlango wa kutokea, na mtu mwenye akili angeutumia. Lakini kaka mtu akaharibu. "Panda, mdogo wangu," akasema, "umfundishe kazi huyu."

"Vua viatu hivyo," Mama Ngazi akaonya. "Na ukifika juu shika ngazi. Usishike gata."

"Mama, mimi nilikuwa napanda minara wakati wewe unapanda maharage."

Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikamruka kifuani. Hata Mama Ngazi alikiri moyoni kwamba neno hilo halikuwa baya. Kisha akaenda kuikaza kamba ya ngazi mara ya pili, kwa sababu dharau ni jambo moja na maiti uwanjani ni jambo jingine.

Injinia akapanda. Hatua tano za kwanza alipanda kama askari kwenye gwaride. Ya sita akapunguza. Ya nane akatazama chini, na hapo ndipo urefu ulipomwingia. Shingo yake ikalowa jasho mpaka kola ikageuka rangi. Alipofika juu aliinua simu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, ule uliokatazwa, ukalikumbatia gata.

Ubao haukuvunjika kwa kishindo. Ulijiachia tu, kwa mlio wa kitu kilichochoka, misumari ikachomoka mmoja mmoja kuelekea mashariki, na nusu ya gata, ile nusu isiyosafishwa, ikainama kutoka paani kama kijiko. Tope la misimu miwili likateleza lote kwa pamoja. Mkaguzi alikuwa amesimama pale pale pazuri, uso ameuinua, mdomo wazi kutoa maagizo.

Simu ikaanguka kwenye rundo la tope na kuzama. Injinia mwenyewe hakuanguka. Kamba iliishika ngazi, ngazi ikamshika yeye, naye akajilaza kifudifudi juu ya mabati, mikono ameitandaza, miguu ikitafuta dunia.

"Kaka! Kaka, nishike!"

Kaka alikuwa anatafuta macho yake mwenyewe. Alitema jani. Shati la mikunjo halikuonekana tena.

Mama Ngazi akapanda. Akamfikia kwa chini, akaweka bega lake chini ya makalio ya uinjinia, akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kuwaamsha wanawe kwenda shule, "Nakuona. Hutaanguka. Teremsha mguu wa kushoto."

"Siwezi."

"Unaweza. Wa kushoto."

Mguu mmoja ukashuka.

"Huo ni wa kulia, injinia."

Walichukua robo saa kushuka ngazi yenye hatua kumi na mbili. Alipofika chini, Injinia aliketi kwenye majani na kukumbatia magoti. Suruali yake ilikuwa imelowa, na mvua bado haijanyesha.

Ungetarajia sasa mtu aseme asante, au walau pole. Mkaguzi alijifuta uso kwa kiwiko, akapata jicho moja, akalielekeza kwa Mama Ngazi.

"Umelegeza misumari! Makusudi! Umempandisha mdogo wangu afe!"

"Ndiyo," Injinia akasema akiwa pale kwenye majani. "Nilihisi. Ilikuwa imelegezwa."

Mama Ngazi akaanza kukusanya vitu vyake. Mwiko, pima maji, kamba. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha saa ya kuondoka: ni pale mpumbavu anapopata shahidi. Alikuwa anafungua fundo la mwisho la ngazi aliposikia kitu kikiwekwa chini kwa nguvu, ngo.

Mke wa Mkaguzi alikuwa ameliweka beseni la buluu miguuni pa mumewe.

"Baba watoto," akasema, "unalijua hili?"

"Mke wangu, sasa hivi si..."

"Nimekuuliza. Unalijua? Hulijui. Misimu miwili linalala na mimi kuliko wewe. Hili kando ya kitanda, sufuria kichwani pake. Mvua ikinyesha mimi naamka kumwaga maji, wewe unakoroma. Nikikwambia dari linavuja, unaniambia hewa. Hewa! Mizani za watu wote umezikagua, nyumba yako inakushinda?"

"Mbele ya watu?" Mkaguzi akanong'ona.

"Watu gani? Shemeji yangu amelia juu ya paa mtaa mzima unasikia, halafu mimi ndiye wa kukutia aibu?" Akamgeukia shemeji yake. "Na wewe, shemeji, inuka. Koleo liko nyuma ya tangi. Tope hilo ni lako, lizoe." Kisha akamtazama Mama Ngazi. "Dada, usifungue hiyo kamba. Kazi inaendelea. Aliyekuita ni yeye, anayekuajiri ni mimi."

Injinia, cha ajabu, akainuka na kufuata koleo.

Baadaye Mama Ngazi alikuwa jikoni kwa yule mama, ananawa mikono. Alitarajia kujisikia vizuri. Kwa haki alipaswa kufurahi kama mtu aliyekula akashiba. Lakini alipomtazama mwenzake akipanga vikombe, akakuta dharau ile ile imemsubiri, imebadilisha kiti tu. Misimu miwili! Mwanamke mzima, mwenye ulimi kama ule, anaamka kupanga vyombo chini ya dari na kurudi kulala kimya karibu na mkoromaji. Afadhali hata Injinia. Yeye alikuwa hajui. Huyu alijua. Na Mama Ngazi hakuwa na tabia ya kumeza neno.

"Lakini dada, kwa nini ulinyamaza misimu miwili?"

Yule mama hakuudhika. Alimimina chai, akamsogezea.

"Mume wangu aliniambia ulivyomjibu kwenye simu," akasema. "Aliniambia ili nione usivyo na adabu. Nilicheka chooni. Huyo wako wa mtaa wa pili, ulikaa naye miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Ukamfukuza?"

Mama Ngazi akatazama chai. "Alienda mwenyewe."

"Haya," yule mama akasema, bila ukali, akaweka sukari mezani.

Wakanywa. Nje koleo lilikwaruza sakafu. Mama Ngazi akajiongezea sukari. Alikumbuka kiasi gani cha miaka ile kumi na moja alikitumia kumsikiliza mwanaume akieleza jinsi ya kufanya mambo ambayo hakuyafanya. Alikumbuka pia dari la nyumba ile ya kupanga, na ndoo nyekundu, na jinsi alivyozoea kuisogeza kwa mguu bila kufumbua macho. Lilikuwa jambo la zamani. Hakufikiri kwamba bado linauma, na halikumuuma sana. Lilimwasha tu, kama kibanzi.

Kazi ilichukua siku tatu. Aling'oa ubao uliooza, akaweka mpya aliokwisha kuupaka dawa ya wadudu pande zote, hata upande usioonekana, maana uozo huanzia pale mtu asipotazama. Akavuta uzi kutoka mwanzo wa paa hadi kwenye bomba. Kila hatua tatu, gata lilitakiwa lishuke kwa unene wa kidole, si zaidi: likiinama sana maji yataruka bomba, likilala yatasimama na kuzaa mbu. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya uzi. Mkaguzi alikuwa ndani nyuma ya gazeti. Mkewe akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya meza, akashika.

"Hivi?"

"Inua. Inua kidogo. Usipumue. Hapo!"

Akaziba viungo, akafunga vishikizo vipya, akatia wavu wa waya mdomoni mwa bomba ili majani yasiingie. Kisha wakamwaga ndoo nzima ya maji upande wa mashariki, juu ya chumba cha kulala, wakasimama wote wawili wakisikiliza. Maji yakakimbia bila kusita, yakageuka, yakashuka kwenye bomba kwa sauti nene. Yule mama akapiga makofi mara moja, akajiona, akaacha.

Wakakubaliana mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua, na tena mvua zikiisha. Yule mama alizitia duara tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, akaandika kando yake kwa herufi kubwa ambazo hata mtu asiye na miwani angezisoma, *FUNDI*.

Mvua ikaja, ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano ilipopata nafasi ya kupumzika, Mama Ngazi alikuwa juu ya nyumba ya jirani wa upande wa pili, mwalimu wa hesabu, ambaye yeye naye alikuwa amengoja mpaka maji yaingie sebuleni ndipo atafute simu. Alikuwa amejiinamia kazini aliposikia sauti nzito upande wa pili wa ukuta wa uwanja.

"Mwalimu, mfereji ni suala la mwinamo," Mkaguzi alikuwa akisema. Alikuwa amekuja na shati jipya lenye mikunjo. "Watu hawaelewi. Mimi nilitazama tu nikajua. Nikamwambia yule mama, hapa pamelala kinyume. Akabisha! Wanabisha sana hawa. Ikabidi mdogo wangu, injinia, apande mwenyewe kuthibitisha."

"Akathibitisha?" mwalimu akauliza.

"Papo hapo."

Mwalimu akainua uso kuelekea ngazi. "Mama, ndivyo ilivyokuwa?"

Mama Ngazi akatazama chini. Kutoka juu, Mkaguzi alikuwa kipara kidogo cha mviringo na mabega mawili, na mabega hayo yalikuwa yamekakamaa, yanasubiri. Alikuwa na maneno ya kutosha kuyabomoa. Aliyaona yamejipanga, moja baada ya jingine, likiwamo lile la suruali.

"Mwulize mkewe," akasema.

Mkaguzi akatazama saa yake ya mkononi, akakumbuka jambo la haraka nyumbani, akaondoka bila kuaga. Mwalimu akabaki ameshika ukuta, anatabasamu bila kujua anatabasamia nini.

"Na wewe mwalimu," Mama Ngazi akamwambia, "usinicheke. Huku kwako kuna viazi vinaota."

Akachota tope jingine kwa mwiko, akalitupa ndooni, akashuka kusogeza ngazi.